Shingo ya Felista na Chumvi ya Kujitegemea

Watu wengi wakikutana hutazamana usoni. Dorika alitazama shingo. Ulimsalimu, akakuitikia, akakuuliza habari za watoto na za ng'ombe kama mtu yeyote mwenye adabu, lakini macho yake yalikuwa yameshateremka chini ya kidevu chako, yakipima. Kanisani hakufumba macho wakati wa sala, maana huo ndio wakati watu wanaponyanyua nyuso juu na kusahau kukaza kanga zao. Shingo ikianza kuvimba, Dorika aliiona kabla ya mwenyewe, na mara nyingi kabla ya mume wa mwenyewe, ambaye kwa kawaida huwa wa mwisho kuona chochote.

Kijiji chao kilikuwa upande wa Ilongero, kwenye njia ya kuteremkia ziwa Singidani. Kilikuwa na jina lake la Kinyaturu, jina la kilima, lakini watu walipohamishwa na nyumba kupangwa kwa mistari, kikabatizwa Nguvukazi. Jina la kilima likabaki midomoni mwa watu na jina la Nguvukazi likabaki kwenye kibao.

Pale Nguvukazi rovu, yaani huo uvimbe wa shingo, halikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Liliitwa shingo iliyojaa. Binti mwenye shingo iliyojaa kidogo alisifiwa kwamba kwao wanakula vizuri, na mabibi walimtungia shanga ili zikae juu ya uvimbe zionekane. Uvimbe ukizidi hadi ukaning'inia, walisema huo ni uzee tu, hata kama mwenyewe alikuwa bado ananyonyesha.

Dorika alikuwa amesoma darasa la tatu la misheni, akaongeza kisomo cha watu wazima. Aliweza kusoma kila bango lililobandikwa zahanati, jambo lililomzidishia hofu, kwa kuwa bango la zahanati halijawahi kuleta habari njema. Na hofu alikuwa nayo ya kutosha tangu zamani. Aliogopa betri za redio. Aliogopa moshi wa trekta la kijiji, hata baada ya trekta lenyewe kufa. Bwana shamba alipofukiza ghala kwa dawa ya kuua wadudu, Dorika alihamisha watoto na kuku, na hakurudi nyumbani hadi alipoona panya akitoka ghalani mzima wa afya. Wapiga chanjo walipokuja, aliwaficha wanawe ndani ya mtama. Mtama wenyewe ulikuwa bado mfupi, kwa hiyo wapiga chanjo walifuata vichwa.

Kwa sababu hiyo, aliposema kwamba shingo zinavimba kwa kitu fulani wanachokula, watu walicheka. Wala haikumsaidia kwamba kwanza alisema ni mlenda, halafu akasema ni maji ya kisima, halafu akaanza kuwashuku punda.

Aliyemfundisha kutazama shingo ni marehemu dada yake, Theresia, ingawa hakukusudia. Theresia alikuwa na shingo iliyojaa tangu usichana wake, akasifiwa, akatungiwa shanga, akaolewa kwa ng'ombe wengi. Akamzaa Leah. Leah hakushtuka kwa ngurumo, hakugeuka alipoitwa, hakutembea wakati wenzake walipotembea. Theresia alipofariki, Dorika alimchukua mtoto. Wenzake Leah sasa walikuwa mabinti wa kuchumbiwa, na yeye alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Alikaa uani akichambua majani ya mlenda na kuwachekea kuku. Kuchambua mlenda alijua kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Neno hakujua hata moja. Dorika alimpenda kama aliyemzaa mwenyewe, na kila alipomsuka nywele alijiuliza kama kilichompata huyu kilikuwa kinamngojea mwingine.

Mwingine huyo alikuwa Felista, binti yake wa pekee, aliyeolewa na Gabrieli mwendesha punda, nyumba chache kutoka kwa mama yake. Mwaka ule ambao kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi watu wakagawana, na chumvi ya duka ikapotea kabisa, Felista alishika mimba yake ya kwanza. Alikuja kwa mama yake asubuhi kuleta habari, amejifunga kanga mpaka masikioni, na jua lilikuwa kali.

"Shikamoo mama."

"Nyanyua kidevu."

"Mama, hata shikamoo yangu hujaitikia!"

"Marahaba. Nyanyua kidevu."

Felista akanyanyua huku amenuna. "Unanikagua kama ng'ombe wa mnadani."

"Ng'ombe wa mnadani hukaguliwa meno. Hizi shanga nilizokutungia za arusi, mbona hazifungi?"

"Nimenenepa. Nina mimba mama, ulitaka nikonde?"

"Mimba iko shingoni?"

"Basi na tumbo nalo linakuja, ngoja ngoja utaliona. Leo ulitakiwa upige vigelegele, wewe unapiga shingo macho."

Dorika alipiga vigelegele, majirani wakasikia, wakafurahi. Lakini mkono wake mmoja ulibaki kwenye ule uzi wa shanga, ambao kifungo chake na kitanzi chake vilikuwa vimeachana upana wa vidole viwili.

Siku hiyo hiyo akaenda zahanati. Mganga wa zahanati, Gaspari, alikuwa mtu mcheshi mwenye dawa tatu. Mwenye homa alipewa klorokwini. Mwenye kidonda alipakwa dawa ya zambarau. Mwenye maswali alipewa mikscha. Mikscha hiyo ilikuwa kwenye chupa kubwa za kahawia zilizoachwa na wamisionari, zimeandikwa bromaidi, na ilikuwa maji maji yenye ladha ya chumvi chumvi. Kazi yake ilikuwa kutuliza. Gaspari alikuwa nazo shubaka zima, na zilikuwa zikipungua haraka, maana watu wenye maswali walikuwa wengi.

"Mama Felista," alisema Gaspari, hata kabla hajakaa vizuri, "leo tunaumwa nini? Betri au trekta?"

"Shingo."

Akamtazama. "Shingo yako haina kitu."

"Si yangu. Ya Felista. Ni mjamzito."

"Basi aje Felista. Wewe unaumwa wasiwasi. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Na nitampa na Felista chupa yake, maana wasiwasi wa mama huambukiza."

Dorika alikuwa ameshapewa dawa ile mwaka uliotangulia, na alikuwa ameinywa. Hakuisahau. Alikuwa ameketi mlangoni ametulia tuli, mbuzi wakaingia bustanini wakala miche yote ya mchicha mbele ya macho yake, naye akawaza tu kwamba mbuzi nao wana njaa. Dawa ilipomtoka mwilini, alilia. Hakulilia mchicha. Alilia kwa sababu kwa muda ule wote mtu angeweza kuichoma nyumba, naye angeona moto unapendeza. Tangu siku hiyo aliificha chupa nyuma ya mtungi wa unga na hakuigusa tena.

Sasa, mwenyekiti wa kijiji alikuwa Ndugu Melkiori, mtu mwema mwenye sauti kubwa, ambaye aliamini usawa kama wengine wanavyoamini mvua. Wilaya ilipowahi kuwapa baiskeli moja ya kupelekea ujumbe, Melkiori hakukubali mtu mmoja apande na wengine watembee. Baiskeli ikafunguliwa, ikagawanywa. Balozi wa kwanza wa nyumba kumi akapata gurudumu la mbele, wa pili la nyuma, wa tatu usukani, na mzee Alute akapata kengele, akaifunga shingoni mwa beberu wake. Ujumbe uliendelea kuchelewa kama zamani, ila beberu wa Alute alisikika anakokuja, na hakuna aliyeweza kusema ameonewa.

Chumvi ya duka ilipopotea, Melkiori alianzisha mradi. Wanawake walikwangua udongo mweupe ukingoni mwa ziwa, Gabrieli na wenzake wakaupakia kwa punda, ukaletwa kijijini, ukawekwa kwenye vyungu vilivyotobolewa chini na kuwekwa nyasi. Maji yakamwagwa juu, yakachuruzika na chumvi yake, yakachemshwa kwenye pipa hadi yakakauka. Kilichobaki kilikuwa cha kijivu na kichungu kidogo mwishoni mwa ulimi. Melkiori aliiita Chumvi ya Kujitegemea. Mtu akionekana na chumvi nyeupe, aliitwa ofisini aeleze amefahamiana vipi na walanguzi. Na wilaya ilikuwa imeahidi kuja siku ya sherehe ya kijiji kuutazama mradi, kwa sababu kulikuwa na ngao ya kushindaniwa na vijiji, na Melkiori aliitaka ngao ile hadi akawa anaiota.

Siku chache kabla ya sherehe likaja gari la afya kutoka Singida mjini. Akashuka Bibi Afya, Kristina, mama mnene mwenye viatu vya vumbi, amebeba kopo la bati. Watu wakakusanywa mbele ya ghala. Akafungua kopo akatoa kidonge laini cha rangi ya asali, akakishika juu watu wakione.

"Haya ni mafuta yenye ayodini," alisema. "Udongo wa huku hauna ayodini ya kutosha. Udongo ukikosa, mtama unakosa, maziwa yanakosa, na chumvi mnayopika nayo inakosa. Ndiyo maana shingo zinavimba."

Melkiori akakohoa. "Bibi Afya, umesema chumvi ipi?"

"Hii yenu, Ndugu Mwenyekiti. Ni chumvi nzuri tu, ila haina hicho kitu."

"Haina kasoro lakini ina kasoro," akasema Melkiori, na wazee wakatikisa vichwa.

Kristina akaendelea. "Kwa mjamzito hili si jambo la urembo. Mama akikosa ayodini, mtoto tumboni ndiye anayelipa. Anaweza kuzaliwa hasikii. Hasemi. Hakui. Na akishazaliwa hivyo, hakuna dawa ya kumrudisha. Kidonge kimoja mama akimeza mapema, kinamkinga kwa muda mrefu."

Dorika hakusikia yaliyofuata. Leah alikuwa ameketi miguuni pake, akipanga vijiwe kwa mstari ulionyooka, anacheka peke yake.

Mkutano ulipokwisha akamfuata Bibi Afya hadi kwenye gari, akatoa ile chupa ya Felista ndani ya kanga. "Shikamoo. Na hii je? Binti yangu amepewa, ni mjamzito, shingo imeanza."

Kristina akanusa kizibo, akasoma karatasi iliyobanduka nusu. "Hii ni bromaidi, mama. Inalaza watu. Asiinywe, hasa na mimba hiyo. Shingo yake inadai ayodini, ukimpa bromaidi utakuwa umemlaza tu na shingo imebaki na deni lake. Hiki kidonge ndicho chake. Nimeshamwambia mganga wenu, wajawazito kwanza, halafu wanaonyonyesha, halafu watoto. Vidonge ni vichache."

"Nipe chake nimpelekee sasa hivi."

"Utaratibu, mama. Vimekabidhiwa kijiji. Kesho mtagawiwa."

Gari likaondoka. Lilikuwa na mafuta ya kurudia mjini tu, hayakutosha kungoja utaratibu.

Njiani kurudi nyumbani, mke wa katibu alimshika Dorika mkono. "Mama Felista, wewe ndiye unayejua mambo. Mafuta yale yanafunga kizazi, siyo?"

Wakati mwingine wowote Dorika angeitikia kabla swali halijaisha. Na kusema kweli, aliogopa. Vidonge vile vilikuwa laini mno, vinang'aa mno, na vilitoka mbali. Alitaka kukimbia akamfiche Felista katika mtama, safari hii mtama ukiwa mrefu. Alisimama pale njiani akipimana na hofu zake mbili, na hakuna iliyokuwa ndogo. Kisha akamtazama Leah aliyekuwa ameshika ncha ya kanga yake.

"Kizazi cha dada yangu hakikufungwa," alisema. "Twende zetu."

Kesho yake hakuna aliyegawiwa. Halmashauri ya kijiji ilikaa. Katibu wake, Simeoni, kijana aliyemaliza darasa la kumi na mbili na kupenda maneno marefu, alieleza tatizo: vidonge havikutosha hata robo ya watu. Wakipewa wanawake wenye mimba, wanaume watauliza wamekosa nini. Wakipewa watoto, wazee watauliza. Hilo lingekuwa tabaka. Melkiori akafikiri kidogo tu, maana njia aliijua tangu enzi za baiskeli. Vidonge vyote vitatobolewa, mafuta yatamiminwa ndani ya pipa la chumvi, yatakorogwa, na kila kaya itapata kijiko kilicho sawa. Hapo hapo chumvi ya kijiji itakuwa imepata hicho ilichoambiwa imekosa, na hakuna mgeni atakayeweza kuisema vibaya. Litafanyika hadharani siku ya sherehe, mbele ya wageni. Halmashauri ikapiga makofi. Gaspari naye akapiga makofi, kwa sababu mtu aliyekabidhiwa kazi ya kugawa vidonge hufurahi akipokonywa.

Dorika aliposikia, alikaa chini pale pale alipokuwa. Hakuwa amesoma sana, lakini alijua kupika. Alijua ukitia tone moja la samli kwenye chungu cha uji wa msiba, anayefaidi harufu ni mpishi.

Asubuhi ya sherehe alioga, akavaa kanga zake nzuri, akaenda kwa Felista kumnyang'anya chupa nyingine ya mikscha ambayo Gaspari alikuwa amempelekea tena, akaikwapua na kuendelea moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti. Alimkuta Melkiori uani, shati limepigwa pasi, akizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hotuba aliishika juu chini.

"Shikamoo Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba, marahaba. Mama Felista, leo si siku ya betri."

"Sijaja kwa betri. Naomba kidonge kimoja kabla hamjatoboa. Cha Felista."

"Mama Felista! Nikikupa wewe kimoja, nitamwambia nini mama Gaudensi? Nitamwambia nini Alute?"

"Alute ana mimba?"

"Hilo silo suala! Suala ni usawa." Jasho lilimtoka. "Wageni wako njiani, nimesahau ukurasa wa pili, moyo unadunda kama unataka kutoka, na wewe unanisimamia hapa na... hicho nini?"

"Dawa ya wasiwasi. Gaspari hutupa sisi tunaouliza uliza."

"Inatuliza?"

"Inatuliza mno, Ndugu Mwenyekiti. Ndiyo ubaya wake."

"Lete."

"Ni vijiko viwili tu, siyo..."

Melkiori hakuwa mtu wa vijiko. Aliinua chupa, akapiga mafunda manne ya nguvu, akafuta midomo, akasema ina ladha nzuri, kama chumvi ya kwetu. Dorika akaondoka na chupa nusu. Alikuja kuomba kidonge kimoja, na sasa, kwa jinsi alivyoona, alikuwa amekiua Chama.

Wageni walifika jua likiwa kati. Alikuwepo mkubwa wa wilayani mwenye suti ya mikono mifupi, na nyuma yake Bibi Afya Kristina, aliyekuwa ameambiwa tu kwamba vidonge vitawafikia wananchi leo. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na watoto wa shule wakiimba kuhusu jembe. Pipa la chumvi lilisimama mbele ya ghala, limefungwa utepe. Mkeka ukatandikwa, na akina mama wakakalishwa, kila mmoja na mwiba wa mgunga mkononi, tayari kutoboa. Dorika alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amemvuta Felista akaketi bega kwa bega naye, na Felista alikuwa ameona haya kwa sababu tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na shingo pia.

Melkiori aliinuka kuhutubia. Watu wakajiziba masikio kidogo, kama desturi. Lakini haikutoka sauti. Alisimama, akawatazama watu wake kwa macho ya upole, kama ng'ombe aliyeshiba akitazama machweo, akasema, "Karibuni. Chumvi ile pale." Akaketi.

Watu walitazamana. Katibu Simeoni, akidhani ni mtindo mpya wa hotuba, akapiga makofi. Kopo likaletwa, likamiminwa kwenye ungo katikati ya mkeka. Vidonge vikang'aa.

"Akina mama, toboeni!" akaamuru Simeoni.

Dorika akachukua kidonge. Alikuwa na mwiba mkono wa kulia na kidonge mkono wa kushoto. Alikuwa ameogopa vitu vingi maishani, akavikimbia vyote. Hiki hakikuwa na pa kukimbilia. Akaangusha mwiba, akamgeukia bintiye.

"Fungua mdomo."

"Mama, watu wanatuangalia!"

"Wacha waangalie. Fungua."

Akamtia kidonge mdomoni kama anavyolishwa mgonjwa, akambana kidevu. "Meza. Nyanyua shingo nione kinapita." Na mbele ya Chama, Serikali na watoto wa shule, Felista akanyanyua ile shingo aliyokuwa akiificha, akameza.

Ngoma zikanyamaza. Kengele ya beberu wa Alute ililia mahali fulani nyuma ya ghala.

"Ndugu Mwenyekiti!" Simeoni alipiga kelele. "Huyu mama amemlisha mwanawe mali ya wananchi! Kuna uamuzi wa halmashauri!"

Watu wote wakamtazama Melkiori, wakingoja radi. Melkiori alikuwa akitazama nzi aliyetua kwenye goti lake. Alimpisha nzi, akainua uso.

"Amemeza?"

"Amemeza, Ndugu Mwenyekiti!"

"Vizuri."

"Na wengine, Ndugu Mwenyekiti? Usawa je?"

Melkiori akafikiri kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyewahi kumwona akifikiri muda wote ule. "Mwenye mimba anakula kwa wawili," alisema taratibu. "Kwa hiyo... ameze. Wote wenye mimba wameze. Mbona mnapiga kelele?"

Kristina hakungoja azinduke. Alipita katikati ya mkeka akikusanya miiba, anauliza huku anagawa, "Mimba? Unanyonyesha? Meza. Wewe mimba?" Wanawake waliokuwa wamekuja na miiba wakaanza kumeza. Mke wa katibu, ambaye hakuna aliyejua kuwa ana mimba, hata katibu mwenyewe, alinyoosha mkono naye akameza, na Simeoni akakaa chini bila kualikwa. Lile pipa la chumvi lilibaki na utepe wake, halikupata hata tone.

Mkubwa wa wilayani aliandikiwa maneno ya kusema kuhusu chumvi, lakini alikuwa mtu mwepesi. Alisimama akasema hajawahi kuona mwenyekiti mtulivu namna hii, kiongozi anayewasikiliza akina mama mpaka mwisho, bila ubwana. Ngao ikaenda Nguvukazi. Siyo kwa chumvi. Kwa malezi ya mama na mtoto.

Melkiori alilala hadi kesho yake jioni. Alipoamka na sauti yake ikiwa imerudi, alimwita Dorika ofisini aeleze kwa nini alivunja uamuzi wa halmashauri. Dorika alikwenda amebeba shuka na sufuria, akidhani atapelekwa mahabusu Singida. Ngao ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kichwa cha mwenyekiti. Melkiori alianza kufoka, akaitazama ngao, akapunguza sauti, akaitazama tena, na hatimaye akasema kwamba, kwa kweli, wazo lile lilikuwa lake tangu mwanzo, ila Dorika alilitekeleza kwa pupa.

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Usirudie."

"Sirudii."

"Na ile dawa," akasema, akitazama mlango kama umefungwa, "imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Tangu hapo, kabla ya kila mkutano mkubwa, Melkiori alituma mtu kwa Gaspari, na mikutano ya Nguvukazi ikawa ya amani, na mambo mengi yakaamuliwa na akina mama walipokuwa wamemzunguka akipepesa macho. Hali hiyo iliendelea hadi shubaka la wamisionari lilipokwisha. Watu wenye maswali hawakuwa na dawa tena, wakaendelea kuuliza tu. Chumvi ya kijivu iliendelea kupikwa, kwani chumvi nyingine haikuwepo, na Kristina alirudi mwaka uliofuata na kopo lingine. Safari hii hakuondoka hadi alipomaliza kugawa mwenyewe.

Felista alijifungua wakati wa kuvuna uwele. Mtoto wa kike, mnene, analala. Majirani walikuja wakatazama vidole, wakatazama pua, wakabishana kama ni ya Gabrieli. Dorika hakutazama kitu. Hata shingo hakuitazama. Alikaa kona ya chumba, amemshika Leah mkono, akingoja wageni waondoke. Kila siku alikuja, akakaa pale pale, akamtazama mtoto aliyelala, na kila siku alirudi bila kufanya alilokuja kulifanya, maana kabla hujajua, bado una nafasi ya kutojua.

Siku moja Felista alikuwa amekwenda kuteka maji. Dorika alichukua kifuniko cha sufuria na mwiko. Akasimama nyuma ya kichwa cha mtoto, mahali ambapo mtoto asingeweza kumwona. Akapiga mara moja, kwa nguvu zake zote.

Mtoto akaruka mzima mzima, akakunja uso, akafungua kinywa, akalia kilio ambacho kilifika hadi kisimani.

Felista alikuja mbio, ndoo imemwagika nusu. "Mama! Umemwamsha! Ndiyo kwanza nimemlaza!"

Dorika alikuwa ameketi sakafuni, kifuniko magotini, machozi yanamtiririka hadi shingoni. Leah, ambaye hakuwa amesikia kitu, alimtazama mama mdogo anayelia na mtoto anayelia, akaona labda ni mchezo, akacheka.

"Nimemwamsha," alisema Dorika. "Mwache alie kidogo."